Marashi ya Sanda

Hata kabla basi halijasimama stendi, Mwanahamisi alikwisha kujua. Mfuko wa kinyesi aliobandikwa tumboni tangu alipokatwa utumbo ulikuwa umeachia pembeni, na uvuguvugu ulikuwa ukimshukia kiunoni.

"Kuchimba dawa dakika kumi tu!" kondakta alipaza sauti.

Choo cha stendi, Mungu amsamehe aliyekijenga, hakikuwa na komeo. Aliuegemea mlango kwa mgongo, akang'ata pindo la gauni, akafungua bomba. Bomba likakohoa, lisitoe hata tone. Mfuko mpya alikuwa nao, lakini haushiki kwenye ngozi chafu.

Mkobani mlikuwa na chupa moja tu, ya marashi ya waridi. Nyumbani maiti ya mama yake ilikuwa ikimsubiri, na yeye, binti pekee, ndiye aliyeagizwa marashi ya kunyunyizia sanda.

Mlango uligongwa. "Dada, umelala humo? Wenzio tumebanwa!"

"Nisamehe, mama," alisema Mwanahamisi, wala hakuwa akimjibu aliyegonga. Akafungua chupa, akajiosha. Marashi yaliichoma ngozi iliyochubuka, akalia kimya kimya, akajifuta kwa kanga, akabandika mfuko mpya.

Aliporudi kwenye siti, bibi aliyekaa naye alivuta pumzi, akatabasamu. "Mashaallah, mwanangu, unanukia! Unakwenda harusini?"

Mwanahamisi aliinua chupa hadi sikioni, akaitikisa polepole, akasikiliza.