Kimya cha Mwari

Hina ya mikononi ilikuwa haijakauka mzee mgeni alipoingizwa chumbani kumuuliza Khairiya idhini ya nikahi. Mate mekundu ya tambuu yalimchuruzika hadi ndevuni.

"Huyu ndiye babako wa kukuzaa," mama alimnong'oneza. "Sisi tulikulea tu. Bila yeye ndoa haisihi."

Miaka yote walimficha Khairiya siri hiyo. Leo wamesema kwa kuwa sheria imewabana.

"Mwanangu," mzee alisema huku akitafuna, "waniruhusu nikuoze?"

Wanawake walikuwa tayari kwa vigelegele. Walisubiri anyamaze tu, maana kimya cha mwari ndiyo ridhaa yake.

Mama alimfinya bega.

"Kwanza nambie," Khairiya alisema, "mama aliyenizaa yu wapi?"