Sindano Sakafuni

Fundi cherehani aliiangusha sindano yake sakafuni makusudi, katikati ya duka la vifaa vya wagonjwa.

"Mama, unafanya nini?" Binti yake alishtuka. Tangu nyonga ya mama ilipokataa kuinama, walikuwa wamekubaliana: akipata fimbo ya kuokotea vitu inayomfaa, ataendelea kukaa kwake. Asipopata, atahamia kwa binti.

"Chukua fimbo hii ndefu, inafika mpaka juu ya kabati," binti alisema.

"Vitu vyangu huanguka, mwanangu. Havipandi."

Muuzaji akainama aiokote sindano.

"Wee! Iache hapo hapo!"

Fimbo ndefu iliisukuma sindano huku na huko. Ya pili iliibana, ikaitema. Ya tatu ilikuwa fupi, yenye vidole viwili vya mpira, vyembamba kama kucha. "Mola wangu, nishike mkono," alinong'ona, akakibana kishikio polepole, kama anayeshona hariri.

Sindano ikapanda. Ikapita goti, ikaipita na ile nyonga kaidi, ikasimama mbele ya macho ya binti yake, wala haikutetemeka.

"Haya, nirudishe kwangu," mama alisema. "Nina gauni la watu halijakunjwa pindo."