Mtihani wa Masikio

Godoro la wageni lilikuwa limepigiliwa misumari ukutani, na mpima ardhi mstaafu alikuwa amepiga magoti sakafuni, anapima umbali kati ya spika na mguu wa kiti. Alipima mara tatu. Kisha akachora alama ya chaki.

"Usifagie hapa," alimwambia mkewe.

"Tangu mwezi juzi sijafagia hapo. Unangoja yaote majani?"

Saa kumi walikuwa wanakuja wakubwa wa Chama cha Wasikilizaji: mwenyekiti, ambaye ni daktari wa meno, na katibu wake, wakili. Walishamkataa uanachama mara mbili. Ya tatu ndiyo ya mwisho, kanuni zao zinasema hivyo. Na tangu astaafu, hakuna binadamu aliyemuuliza maoni yake juu ya jambo lolote, hata juu ya mvua. Wale wa chama walikuwa wanaulizana maoni kila Jumamosi, na chai juu.

Tatizo ni kwamba mabwana wale walisikiliza santuri tu. Kompyuta, walisema, inaua muziki; inautoa kama maiti aliyepakwa poda. Yeye akaapa kuwaonyesha.

Miezi mitatu mizima alihamisha nyimbo zake kuziingiza kwenye kompyuta, moja baada ya moja, mafaili makubwa yasiyobanwa hata chembe. Kompyuta yenyewe aliiweka chumbani, nyuma ya pazia la mlango, maana feni yake ilivuma na kumchafulia ukimya. Waya mnene kama kamba ya kufungia mbuzi ulipita chini ya pazia mpaka kwenye spika mbili, moja kulia kwa mlango, nyingine kushoto.

Kwa mtihani alichagua wimbo wa mwanamke anayeimba peke yake, bila ngoma wala gitaa. "Sauti tupu haina pa kujificha," alisema.

Kazi ya kubonyeza ilikuwa ya mkewe. Anabonyeza, anasikia "Tena!", anabonyeza tena. Siku nyingine mara arobaini, na sufuria linaungua jikoni. Mwisho akawa anauimba huku anakoroga.

"Nyamaza, mama! Unaniharibia sikio."

"Haya, baba. Nimenyamaza."

Wageni walifika saa kumi kamili, wakavua viatu. Mke akawasalimia, akaingia nyuma ya pazia, kazini kwake. Mwenyekiti akaligonga godoro kwa kidole, kama anavyogonga jino bovu.

"Shemeji analala wapi siku hizi?"

"Hilo ni la wageni," alijibu mpima ardhi.

"Na wageni ndio sisi. Tutalala tumesimama, katibu."

Wakacheka wao wawili. Kisha wakakaa kwenye viti vilivyopangwa juu ya alama za chaki, wakafumba macho, maana kanuni ya chama inataka macho yafumbwe na midomo pia. Mpima ardhi naye akafumba. Akakohoa, ndiyo ilikuwa ishara.

Kimya.

Akakohoa tena, jasho linamteremka mgongoni. Huko chumbani kitu kikagonga, tak, tak, kikanyamaza.

Halafu sauti ikaja.

Ikaja vizuri, pole pole, kati ya spika mbili, pale pale alipoipangia. Mpima ardhi aliusikia waya wake mpya unavyofanya kazi. Alilisikia godoro linavyomeza mwangwi. Alisikia kila nusu inchi aliyoipima. Akatabasamu gizani mwa macho yake.

Wimbo ukaisha. Mwenyekiti akafumbua jicho moja, kisha la pili.

"Ndugu yangu, nitasema kweli, usinune. Hamna mtu mle ndani."

"Hamna kabisa," alidakia katibu. "Bati tupu. Mtu mwenye mapafu haimbi hivi. Mimi nilichoka pale anapovuta pumzi. Ile ni pumzi ya mashine."

"Santuri yangu iliyopasuka ina damu kuliko huyu."

Mpima ardhi akatazama chaki yake. Angeweza kubisha. Lakini anayebisha ataonekana hana sikio, na hilo lilikuwa baya kuliko kukataliwa.

"Hata mimi nimelisikia hilo bati," alisema. "Tangu neno la kwanza. Nilitaka tu kuona kama nanyi mtalisikia."

"Ee! Sikio unalo," mwenyekiti alimpigapiga begani. "Ila tatu zimetimia, na kanuni ni kanuni."

Wakavaa viatu. Katibu akaliweka faili lake kwapani, wakatoka, mlangoni bado wanazungumzia lile bati.

Mpima ardhi akalivuta pazia kwa hasira, ili aitukane ile mashine ana kwa ana. Kioo chake kilikuwa cheusi. Mkewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, bilauri mkononi, anakunywa maji funda kwa funda kama mtu aliyetoka safari.

"Nimeikuta imezimika," alisema, sauti imemkwaruza. "Nimebonyeza mpaka kidole kinauma. Nikaona siwezi kukuacha uaibike mbele za watu, nikasimama hapo kwenye pazia, nikaimba mwenyewe."