Maua ya Mama Chibalonza

Mzee Mirindi alipofika mbele ya maua ya Balagizi, alivua kofia.

Balagizi alimwona kupitia dirisha la sebule, akavaa barakoa haraka, akatoka. Raha iliyoje! Mzee wa kanisa, mtu wa kukosoa chumvi hata kwenye chakula cha bure, leo amesimama getini kwako Macquarie Fields, huku Australia, anayatazama maua yako kwa heshima namna ile.

"Ulichimba mwenyewe?" aliuliza Mzee kwa sauti ya chini.

"Mwenyewe, Mzee. Kwa sururu."

"Peke yako, jamani! Ungetuita."

"Na hii lokidauni, ningemwita nani?"

Mzee Mirindi akatikisa kichwa kwa huzuni. Akaangalia barabara huku na huku, akasogea kidogo. "Sisi hatukuona kitu, Balagizi. Polisi wakituuliza, hatukuona."

Balagizi alicheka moyoni. Huyu Mzee na woga wake! Anakaa mtaa wa pili tu, na kutoka kwa mazoezi kuliruhusiwa.

Tuseme ukweli, sifa alizipenda. Lakini maua yale hayakuwa ya sifa, yalikuwa ya mama yake. Mama Chibalonza, aliyekuwa akiimba kanisani mpaka spika zinaona haya, alijifungia chumbani tangu Julai, walipoanza kutangaza idadi ya wagonjwa kila asubuhi kwenye televisheni. Simu akaizima. Ibada ya Zoom akaikataa. Alisema yeye sasa anasubiri tu Mungu amwite. Siku alipokataa hata chai ya tangawizi, Balagizi, mtu mzima wa kubeba maboksi kwenye maghala ya Wetherill Park, alikwenda kulia bafuni. Aliona anampoteza mama, na korona yenyewe hata mlango wao haijaugusa.

Septemba ilipoingia na baridi kulegea, akakumbuka nyumbani Bukavu, mama alivyokuwa na maua mlangoni hata miaka ambayo sufuria zilikuwa tupu. Akaagiza miche kwa simu. Uwani nyuma ni saruji tupu, kwa hiyo akachimba mbele. Udongo wa pale ni mfinyanzi, maji hayapiti, basi akainua tuta refu, akalizungushia mawe meupe, akapanda mawaridi mekundu katikati na maua madogo ya zambarau pembeni. Kwa wiki tatu jua likayabembeleza, yakafumuka yote kwa pamoja. Mama akitaka kuyaona, itabidi atoke nje.

Kila asubuhi akamtuma binti yake Ange amwite bibi.

"She said no, Papa," Ange akarudi na jibu lilelile.

Mama hakutoka, lakini wengine walikuja. Wa kwanza baada ya Mzee alikuwa Mama Kasoki, rafiki wa mama tangu kambi ya wakimbizi. Alilitazama tuta, na macho yake juu ya barakoa yakajaa machozi. Balagizi akajua ni chavua. Mawaridi yake yalikuwa na nguvu!

"Pole, mwanangu," Mama Kasoki alisema.

"Aksanti, mama. Mgongo tu ndio unauma."

"Na haya maua yote..."

"Yote ni ya mama. Si unamjua mama na maua?"

Mama Kasoki akaangua kilio, akaondoka bila kuaga. Jioni wakakuta sufuria ya sombe, majani ya muhogo, getini. Kesho yake ukaja bugali na samaki kutoka kwa watu wengine, halafu wali, halafu maandazi ndoo nzima. Balagizi hakuamini. Miaka yote hii Australia, kumbe watu wanaweza kukupikia kwa sababu ya maua! Akala, akashukuru, akaongeza mbolea.

Jumapili, baada ya ibada ya Zoom, kwaya nzima ikaja. Walikuja kwa miguu, wawili wawili, wakasimama wakiachiana nafasi kando ya barabara mpaka mbele ya nyumba ya tatu. Mzee Mirindi akainua mkono, wakaanza kuimba nyuma ya barakoa, wimbo wa taratibu, sauti zote nne. Balagizi alisisimka mwili mzima. Safari hii hakumtuma Ange. Alikwenda mwenyewe kugonga mlango wa chumba.

"Mama, kwaya yote iko nje. Wamekuja kwa ajili ya maua yako."

Kitanda kikalia.

"Ni nani huyo anaimba sauti yangu?"

"Mama Kasoki."

"Yesu! Anaiharibu hivyo watu wanamsikiliza tu? Nipe viatu."

Mama Chibalonza alitoka amejifunika shuka jeupe kichwani, maana jua lilimchoma macho. Alikuwa amekonda, lakini alitembea. Balagizi alimshika kiwiko. Mama akafika kwenye tuta, akainama, akanusa waridi moja, akanusa na la pili.

"Balagizi," alisema, "umenipandia Bukavu."

Akanyoosha mgongo, akafungua kinywa, akaingia kwenye wimbo kwa sauti yake ileile ya zamani.

Wimbo ukakatika. Soprano wawili wakaingia chini ya gari la jirani. Mzee Mirindi, mwenye goti bovu, alikuwa tayari amefika kona ya mtaa. Akabaki Mama Kasoki peke yake, ameng'ang'ania geti kwa mikono miwili, anamtazama rafiki yake, analitazama tuta, anamtazama tena rafiki yake.

"Chibalonza," aliuliza huku meno yakigongana, "umetokaje humo bila kuvunja hata ua moja?"