Pakiti Iliyonyamaza

Sheria iliagiza kwamba kila kinywaji chenye sukari nyingi kimwonye mlezi kwa sauti ya mama wa mtoto. Akina mama walirekodiwa kliniki, siku ya chanjo ya kwanza, na lebo ilimtambua mtoto, ikazungumza mara moja tu, pakiti ilipofunguliwa. Maji na maziwa hayakuwa na onyo, hivyo yalinyamaza.

Bibi Naelijwa alimlea mjukuu wake wa miaka minne, Nakijwa, tangu walipomzika mama wa mtoto huyo. Kila Jumamosi alinunua pakiti moja ya sharubati ya embe. Mtoto aliifungua, akaiweka sikioni.

"Tafadhali usimpe mwanangu hii," ilisema sauti ya mama yake. " Itamharibia meno."

"Tena, Bibi!"

"Amekwisha sema. Lete tumtii."

Sharubati ikamwagwa kwenye karo la jikoni, mtoto akapewa maziwa.

"Bibi wewe, unanunua ili umwage?" muuza duka alizoea kumtania. Jumamosi hii alimpokea kwa furaha. "Kiwanda kimepunguza sukari! Sasa mpe anywe bila wasiwasi."

Nyumbani, Nakijwa aliifungua pakiti, akaiweka sikioni, akangoja.

"Bibi, Mama amenuna?"

Bibi aliisoma lebo mpya ya kijani: Inafaa kwa watoto.

"Hapana, mjukuu wangu. Leo hana la kukataza. Kunywa."

Nakijwa aliisukuma pakiti mbali. "Sitaki nzuri. Twende tukanunue mbaya."

Bibi alikuwa ameshaanza kuvaa viatu.