Cheko la Ubeti wa Pili

"Mwambie aje," alisema Lavonia Tisdale bila kuacha kupaka rangi ya mdomo. "Na mumpe kiti. Mwizi mzee huchoka kusimama."

Shemasi Cleophus, mwenyekiti wa sherehe, alijifuta jasho. Nje, barabara kuu ya mji wa Tupper's Bend ilijaa watu na harufu ya kambale wa kukaanga. Saa nane mchana lingefunuliwa bango: barabara hiyo, kuanzia leo, iitwe Lavonia Tisdale. Na sasa ametokea bibi kutoka Detroit, ana mkongojo na kofia ya kanisani, anaapa kwamba Lavonia Tisdale ni yeye.

"Anasema asiposikilizwa atapanda jukwaani, Bi. Lavonia."

"Apande! We shemasi, enzi zile ulikuwa unanyonya. Jalada la santuri lilikuwa na picha ya maua. Huku Mississippi nani aliijua sura ya mwimbaji? Kampuni ya santuri ilituma wasichana watatu kwa jina moja, kila mmoja na basi lake." Alicheka kwa dharau. "Huyo atakuwa Ozella, mshonaji wa magauni. Nyimbo zote alizijua kwa kusikiliza mlangoni."

"Kwa hiyo ni mwongo?"

"Jina hili nimelibeba miaka hamsini na saba, Cleophus. Nimelilalia njaa. Nimeliimba kwenye vilabu ambavyo mbwa wako asingeingia. Wamenipasua koo mara mbili, na mara mbili nimerudi jukwaani. Leo anivue nani?"

Akatoka, gauni jekundu likifagia mbao za jukwaa.

Yule bibi, aliyepewa kiti pembeni mwa jukwaa, hakupiga kelele. Aliomba kipaza sauti kwa adabu.

"Sauti sina tena," alisema. "Nina swali moja tu. Kwenye santuri ya 'Nenda na Kofia Yako', ubeti wa pili, mwimbaji anakatika, anacheka, kisha anaendelea. Aliyekuwepo ndiye ajuaye. Alicheka nini?"

Hakuna asiyelijua cheko lile. Watu walioana na kuachana nalo. Lavonia hajawahi kuuimba wimbo huo bila kulitoa. Shemasi Cleophus alilishika pazia la bango kama mtu anayesubiri kuambiwa alivute au alikunje arudi nalo nyumbani.

"Mjibu, mama!" sauti ilitoka nyuma. "Au koo limekauka?"

Lavonia alishika kiuno.

"Mpiga ngoma wetu alikuwa na mbwembwe. Akarusha kijiti juu, kikamponyoka, kikamwangukia mwenye kampuni kwenye kipara. Ko! Sasa ningefanyaje, nilie?"

Watu walipasuka kwa vicheko. Hakuwangoja watulie. Hakungoja hata bendi. Aliuanza wimbo kwa sauti kavu, yenye mikwaruzo ya visu vya madaktari, sauti ya mwanamke aliyefukuzwa mara nyingi na hakuondoka. Wanawake wakasimama, wakimpungia mapepeo ya karatasi.

"Waambie, dada!"

"Usiwaonee huruma!"

Alipofika ubeti wa pili alikatika, akacheka, na barabara nzima ikacheka naye. Yule bibi alikuwa amefumba macho.

Wimbo ulipokwisha, bibi aliinuka, akajikokota hadi alipokuwa mwimbaji. Shemasi akataka kumzuia. Lavonia akamsukuma shemasi pembeni, akainua kidevu, akasubiri.

Bibi alimshika mkono, akamsogelea sikioni.

"Sikucheka siku ile, Ozella," alinong'ona. "Nilikuwa nalia. Haya, mwambie avute hilo pazia kabla sijageuza nia."