Tiki ya Kijani

Swali lilitoka kwa msichana asiyetaja jina, kwenye mtandao wa wafugaji ambako mimi hujibu maswali: "Nilipozaliwa nilipewa ngamia jike. Nikitaka kumuuza nilipe karo ya chuo, mama ana haki ya kukataa?"

Nilijibu bila kuzunguka. Ngamia ambaye mtoto hupewa siku ya kufungwa kitovu ni wa mtoto. Mama hana neno. Uza, usome.

Tiki ya kijani, ile ambayo mwulizaji huweka kwenye jibu alilolikubali, ikaenda kwa mtu aliyeandika, "Vumilia, mwombe mama tena."

Sipendi kukataliwa bila sababu. Diploma yangu ya mifugo sikuiokota. Nikamwandikia: "Jibu langu lilikosea wapi?"

Jibu lake lilinikuta nikikoroga kwa mkono rojo la unga wa anjera, chapati zetu laini. Nikafungua simu kwa kidole kimoja kisafi.

"Halikukosea. Ila wewe humjui mama yangu. Kila nikimtaja huyo ngamia, yule mwenye sikio lililopasuka, anasema tungoje mvua."

Rojo lilinitiririka kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Ngamia mwenye sikio lililopasuka ni wetu. Na maneno ya mvua niliyasema asubuhi hiyo, jikoni hapo hapo.

"Nasteho," nikaita. "Njoo."

Binti yangu akatokea mlangoni, simu ingali mkononi.

"Naam, hooyo?"

"Hiyo tiki," nikamwambia. "Ihamishe."